Mpira wa Bure kwenye Runinga: Kariakoo Kutoka Redio Hadi King'amuzi

Utangazaji wa mpira wa miguu kwenye runinga isiyolipiwa ulichelewa kufika Dar es Salaam, ingawa Kariakoo na viunga vyake ni kitovu cha soka nchini. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake Jangwani, kwenye Mtaa wa Twiga. Simba, iliyozaliwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland hadi 1971, iko Mtaa wa Msimbazi. Kwa miongo mingi, shabiki aliyekosa kwenda uwanjani alitegemea Radio Tanzania na sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary.

Zanzibar ilianzisha runinga ya rangi mapema miaka ya 1970, lakini Serikali ya Muungano iliiona runinga kuwa anasa ambayo ingezidi kuutenga mji na kijiji. Hivyo, mwaka 1993 Simba ilipofungwa 2-0 na Stella ya Abidjan jijini Dar es Salaam, katika fainali ya Kombe la CAF, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha runinga.

Mwaka huohuo Sheria ya Huduma za Utangazaji ilifungua milango kwa watu binafsi. Mwaka 1994 vikaanza vituo vya CTN, DTV na ITV, na mwaka 2000 serikali ikaanzisha Televisheni ya Taifa, iliyoingia katika Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) mwaka 2007. Mwenye runinga na antena hakudaiwa ada ya mwezi. Hata hivyo, mechi nyingi za ligi za Ulaya zilibaki kwenye chaneli za kulipia. Pengo hilo lilizibwa na vibanda umiza: mwenye kibanda alilipia kifurushi, naye mtazamaji alitoa kiingilio kidogo na kukaa kwenye benchi.

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Chaneli za bure hazikufutwa, lakini kuzipata kulihitaji king'amuzi au runinga ya kidijitali. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru chaneli hizo ziondolewe kwenye ving'amuzi vya kampuni ambazo leseni zao hazikuruhusu kuzibeba, zikiwemo DStv na Azam. Nyumba nyingi zikajikuta na king'amuzi cha mpira kisicho na taarifa ya habari ya TBC wala ITV.

Wakati huo Ligi Kuu ilikuwa tayari imehamia kwenye malipo. Azam ilianza kuionyesha mwaka 2013, na mwaka 2021 ikasaini na Shirikisho la Soka mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mkataba huo ulizipa klabu ndogo mapato ya uhakika, na mechi za mikoani ambazo zamani hazikuonekana popote zikawa zinaonyeshwa mubashara. Gharama yake iliangukia kwa mtazamaji.

Mgongano huu haukuanzia Tanzania. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1996 inayolinda baadhi ya mashindano, ikiwemo fainali ya Kombe la Dunia, yasiishie kwenye chaneli za kulipia pekee. Hatua hiyo inaonyesha kwamba haki za matangazo zinaweza kuuzwa kwa bei nzuri huku michezo inayobeba hisia za taifa zima ikiachiwa umma. Mpira uliokuzwa kwa viingilio na michango ya wananchi unastahili kinga ya namna hiyo.