Meli Iliyofufuliwa: Victoria ya Mwanza

Yapo mataifa ambamo wapenzi wa vyombo vya kale huyatafuta magari ya safari yaliyoundwa Uingereza baina ya vita kuu mbili, wakayafungua kipande kwa kipande, wakayapaka rangi upya, kisha wakayaendesha siku mojamoja ili watu wayatazame. Kazi hiyo si mbaya. Lakini hapa Mwanza tukiulizwa juu ya chombo cha Waingereza kilichofufuliwa, hatuonyeshi gari. Twaonyesha meli, nayo haikufufuliwa ili itazamwe.

Meli ya Victoria iliundwa na kiwanda cha Yarrow huko Glasgow. Ikumbukwe kwamba hakuna meli iwezayo kutoka baharini ikaingia ziwani kwetu. Kwa hiyo iliungwa kwanza huko huko kwa bolti, ikafunguliwa, vipande vyake vikaletwa Mombasa kwa bahari na Kisumu kwa reli, ndipo ikaungwa tena. Desturi hiyo ilikuwa ya zamani. William Mackinnon, meli ya mvuke iliyoshushwa majini mwaka 1900, ilipata taabu zaidi, kwani reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na vipande vyake vingi vilipita nyikani juu ya vichwa vya wapagazi. Waandishi wa kikoloni waliwataja wahandisi kwa majina yao. Wapagazi waliwataja kwa jumla, kama watajavyo mizigo.

Victoria ilianza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojipatia uhuru. Ilichukua jina la malkia ambaye Speke, alipoliona ziwa kutoka Mwanza mwaka 1858, alilibandika juu ya maji ambayo wenyeji walikwisha kuyaita Nyanza. Ni ajabu kidogo kwamba jina hilo lilidumu, hali mitaa mingi ya miji yetu ilibadilishwa majina. Chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki meli hiyo ililizunguka ziwa: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza na Musoma. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mzunguko ule ulikatika, na Victoria ikabaki Tanzania.

Tangu hapo kazi yake kubwa ikawa kati ya Mwanza na Bukoba. Huondoka jioni, hufika asubuhi. Ndani yake wamelala wanafunzi, wafanyabiashara na watu wanaokwenda mazishini. Chini yao mna mikungu ya ndizi. Jinsi njia hiyo ilivyohitajiwa ilidhihirika kwa uchungu tarehe 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba karibu na Mwanza, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Mamia walikufa, na wengi wao wamezikwa Igoma. Baada ya msiba huo chombo chenye umri mkubwa kuliko kile kilichozama kiliendelea kubeba watu, hata katikati ya miaka ya 2010 kikachoka na kusimama.

Serikali ingaliweza kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Badala yake, kwa zaidi ya shilingi bilioni 22, wahandisi kutoka Korea ya Kusini na mafundi wa Kitanzania waliifanyia kazi meli hiyo katika Bandari ya Mwanza Kusini, Nyamagana, wakaitia injini mpya. Mwezi Agosti 2020 ilirudi majini, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200. Jina lake liliongezewa maneno "Hapa Kazi Tu", wito wa kampeni ya Rais Magufuli ya mwaka 2015. Hivyo malkia na rais wakakutana ubavuni mwa meli moja.

Wapo wasemao kwamba chombo kilichobadilishwa injini si kile cha zamani. Hoja hiyo yafaa kwa gari la maonyesho. Abiria wa Bukoba huuliza tu kama meli itaondoka leo. Hata hivyo tangu mwaka 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa, mabasi hayangoji tena kivuko, na Victoria inashindana na barabara.