Nani Alisema Kikaoni? Kamati ya Kiswahili na Uundaji wa Istilahi

Tunapofundisha historia ya usanifishaji, mara nyingi tunataja miaka na majina ya kamusi, kisha tunapita. Katika makala haya tunauliza swali jingine: wale walioketi kikaoni walithamini nini, na hilo liliwawezesha kubuni nini?

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilianza kazi Januari 1930 kwa niaba ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Wajumbe walikuwa hasa maofisa wa elimu na wamisionari, watu waliozoea jalada, barua na idhini. Walithamini usawa wa maandishi na mamlaka ya ofisi. Ndiyo maana ubunifu wao ulikuwa wa kupunguza kuliko kuongeza: tahajia moja, lahaja moja ya msingi yaani Kiunguja, kamusi za mwaka 1939, na ithibati kwa vitabu vya shule. Hata mswada wa mzawa wa pwani uliweza kusahihishwa na mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani! Waafrika waliingia kama wajumbe mwaka 1946. Hata hivyo tusiwabeze. Kitabu kimoja kusomeka Mombasa na Kigoma ni tunda la kazi yao.

Mwaka 1952 Kamati ilihamia Makerere, chini ya ukatibu wa W. H. Whiteley. Mazingira ya chuo yalithamini udadisi, na kazi ikabadilika. Hapa Kampala zilichapishwa tafiti za Kimtang'ata, Kivumba na Chichifundi, yaani ndugu wa zile lahaja ambazo usanifishaji ulikuwa umeziweka kando. Shaaban Robert naye alikuwa mjumbe.

Baada ya uhuru, TUKI (1964) na BAKITA (1967) zilifanya kazi katika hewa ya kujitegemea. Neno lilitafutwa kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu. Tukapata ngeli kutoka Kihaya na ikulu kutoka Kinyamwezi. Ngamizi nayo ilipendekezwa, lakini watumiaji wakabaki na kompyuta yao.

Tunayaandika haya kwa sababu zamu sasa ni yetu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na vitabu vinahitaji istilahi. Katika kikao chetu kimoja tulibishana asubuhi nzima juu ya neno moja, sisi wakubwa. Kikao kilipofungwa, mhadhiri msaidizi mmoja alitutajia pale mlangoni neno la Kinyankole lililofaa kabisa. Tulipomuuliza kwa nini hakulisema ndani, alijibu kwa adabu kwamba walimu wake walikuwa bado wanazungumza. Muhtasari ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi, na neno letu ndilo lililokwenda kwa mchapaji.