Ngomeni Ilivyopima Ghadhabu za Jua

Februari 3, 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink kutoka Florida. Kesho yake dhoruba ya jua ikaifikia dunia, na karibu 40 kati ya hizo zikarudi chini na kuteketea. Waongozaji walijaribu kuzigeuza zikate hewa kwa ubavu, wapi! Cha ajabu ni kwamba dhoruba yenyewe ilikuwa ya wastani tu, si ya kutajwa katika historia.

Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Anayefunga dishi lake leo kwenye paa la mabati Kapsokwony, Mlima Elgon, anategemea mitambo inayozunguka kilomita mia kadhaa juu ya ardhi. Tumezoea kudhani kwamba huko hakuna hewa. Ipo, ila nyembamba mno, na jua likichafuka hupata joto na kupanda kama maziwa yanayochemka kwenye sufuria. Setilaiti iliyokuwa ikipita bila taabu hujikuta inasukumana na hewa nzito, inapoteza nishati na kushuka.

Jambo hili lilichunguzwa kutoka pwani yetu zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Mtaliano Luigi Broglio, profesa na jenerali wa jeshi la anga, alitaka kurushia roketi karibu na ikweta. Akachagua bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na majukwaa mawili yakasimikwa majini: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Aprili 26, 1967 roketi ya Scout ya Marekani ilipaa kutoka hapo ikiwa imebeba San Marco 2, setilaiti iliyobuniwa kupima hewa. Ilikuwa na tufe jepesi nje na kiini kizito ndani, vikiunganishwa kwa mikono yenye kunepa. Hewa ikisukuma tufe, tufe husogea kidogo huku kiini kikibaki nyuma, na kiasi hicho cha kusogea ndicho kilichopimwa. Kwa maoni yangu hakuna chombo kilichopata kutoka pwani ya Afrika Mashariki chenye ubunifu rahisi kuliko huo.

Wakenya wengi wanaikumbuka zaidi Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970, siku nchi ilipotimiza miaka saba ya kujitawala. Kazi yake ilikuwa kusaka miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, lakini nayo ilikuja Ngomeni kwa sababu ya hali ya anga za juu. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wake, na juu ya Atlantiki ya kusini chembe hizo hushuka chini zaidi na kuvuruga vipimo. Chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya balaa hilo. Ikweta ya Kenya ilikuwa na thamani kubwa zaidi kwa wanasayansi kuliko tulivyojua.

Iliyosahaulika ni Explorer 45, iliyorushwa hapo hapo Novemba 15, 1971. Hiyo ndiyo iliyopelekwa mahususi kuchunguza dhoruba za sumaku ziletwazo na jua, na mkondo wa umeme unaoizunguka dunia wakati wa dhoruba. Mwezi mmoja tu baadaye, Desemba 17, dhoruba ikatokea chombo kikiwa ndani yake, na vipimo vya siku hiyo vimerejewa na watafiti kwa miaka mingi. Agosti 1972 ikaja nyingine. Hiyo ndiyo inayodhaniwa kulipua mabomu ya majini ambayo Marekani ilikuwa imeyatega kwenye bahari ya Vietnam, bila meli kuyagusa.

Scout ya tisa na ya mwisho iliondoka Ngomeni Machi 25, 1988 ikibeba San Marco nyingine ya kuchunguza hewa ya juu. Desemba mwaka huo huo hewa hiyo hiyo ikaishusha na kuiteketeza. Tangu hapo hakuna setilaiti iliyorushwa kutoka kwetu; hata Taifa-1, setilaiti ya Kenya yenyewe, ilipanda kutoka California Aprili 15, 2023.

Mei 2024 ilipiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003, na Marekani matrekta yanayoongozwa kwa GPS yakasimama katikati ya msimu wa kupanda. Jembe la Mlima Elgon halihitaji setilaiti. Kipima mipaka cha mpima ardhi kinaihitaji, na katika ukanda wetu taabu haingoji dhoruba kubwa: tabaka la juu lenye chaji za umeme hutibuka jua likishatua, hasa karibu na Machi na Septemba, na ishara za GPS zikayumba hadi karibu usiku wa manane. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, lakini mtibuko wake hufika hadi huku. Bahati nzuri, wapima ardhi wa Kapsokwony hukunja vifaa vyao kabla ya giza.