FAHAMU: Ufunguo wa Bitcoin na ufunguo wa akaunti ya Nostr ni ndugu wa damu

Januari 2021 habari ya programa mmoja anayeishi San Francisco ilizunguka dunia nzima. Jamaa alikuwa na Bitcoin 7,002, alizozipata zamani wakati bei yake ni ya karanga. Ufunguo wake kauweka kwenye flashi yenye paswedi, halafu karatasi aliyoandika paswedi ikapotea. Flashi yenyewe inatoa nafasi 10 tu za kujaribu, na yeye alishatumia 8. Pesa hazijaibiwa, zipo, ila hawezi kuzigusa. Na hakuna huduma kwa wateja ya kupigia simu.

Sasa kaa na hiyo kichwani, maana siku hizi balaa hilohilo linaweza kulikuta jina la mtu mtandaoni, siyo pesa tu.

Tarehe 31 Oktoba 2008, mtu anayejiita Satoshi Nakamoto (mmoja au kundi, mpaka leo haijulikani) alitoa maelezo ya Bitcoin, na mtandao ukawashwa Januari 2009. Alichagua aina ya hesabu inayoitwa secp256k1. Kwa lugha nyepesi, unapata namba ya siri kubwa mno ya kubahatisha, halafu namba hiyo inazaa namba ya pili ambayo unaweza kumpa yeyote. Kutoka ya siri kwenda ya wazi ni rahisi, kurudi nyuma kompyuta za leo haziwezi. Ndiyo maana neno "pochi" linadanganya watu. Ndani ya pochi ya Bitcoin hakuna hata senti, kuna ufunguo wa kusainia tu.

Mwaka 2020 akatokea mwingine asiyeonesha sura, anatumia jina la fiatjaf, mtu wa Bitcoin huyohuyo. Akaanzisha Nostr, mtandao wa kijamii usio na kampuni. Hakuomba namba ya simu wala imeili ya mtu. Alichofanya ni kuchukua secp256k1 ileile na kuifanya akaunti. Ufunguo wa siri unaanza na herufi nsec, wa wazi unaanza na npub. Kila posti inasainiwa kama malipo yanavyosainiwa. Seva moja ikikufungia, unahamia nyingine na jina lako lilelile.

Desemba 2022 Jack Dorsey, mmoja wa walioanzisha Twitter, alichangia mradi huo Bitcoin kama 14 hivi. Mwezi huohuo Twitter ikapiga marufuku linki za kupeleka watu Nostr na mitandao mingine. Kelele zikawa nyingi, marufuku ikafutwa haraka.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Kwenye Nostr kuna kutunzana, kama ukumbi wa taarabu, wanaita zapu. Mtu akipenda posti anarusha vipande vidogo vya Bitcoin. Apple ilikuja juu Juni 2023, ikatishia kuiondoa programu ya Damus kwenye duka lake kwa sababu ya zapu hizo kwenye posti. Lakini pesa hizo hazikai kwenye nsec. Zinaingia kwenye pochi nyingine kabisa, ambayo anwani yake imebandikwa kwenye profaili. Kwa hiyo mwizi wa nsec hakombi salio moja kwa moja. Anabadilisha anwani tu, na kuanzia hapo kila anayemtunza msanii anamtunza mwizi, huku saini ikisoma kuwa ni halali. Na nsec haibadilishwi kama paswedi. Ikivuja, mwenyewe anaanza upya na npub mpya, wafuasi sifuri.

Bluesky wao walienda njia nyingine. Kwa kawaida ufunguo unatunzwa na seva, ukisahau paswedi unaweka nyingine kupitia imeili. Raha sana, ila kalamu ya kusainia jina lako anayo mwenye seva.

Watu wa Nostr wameona heri mateso ya watu wa Bitcoin. Baadhi ya programu zao zinatoa ufunguo kutoka maneno 12 ya Kiingereza, utaratibu uleule wa pochi za sarafu tangu 2013. Hayaandikwi kwenye simu, wala hayapigwi picha. Wapo wanaoyagonga kwenye bamba la chuma, wakihofia moto.