Profesa Aliyetaka Idara Yake Ifutwe

Maji yakijaa, Kisiwa cha Chale hukifikii bila chombo. Unakaa ufuoni, unangoja. Hapo ndipo nilipomsoma Ngũgĩ wa Thiong'o, mwaka niliorudi nyumbani bila digrii. Karo ilinishinda, na tangu hapo kila Ijumaa wazee wakitoka msikitini huniuliza narudi chuo lini.

Kumbe Ngũgĩ naye aliondoka Leeds, Uingereza, bila kumaliza tasnifu yake. Mwaka 1967 akaanza kufundisha katika idara ya Kiingereza, Nairobi. Oktoba 1968, yeye, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong wakaandika waraka: idara hiyohiyo ifutwe. Hawakusema Shakespeare atupwe baharini. Waliuliza tu, kwa nini Uingereza ikae katikati na Afrika pembeni? Walitaka fasihi ya Afrika itangulie, na fasihi simulizi isomwe kama fasihi kamili.

Hebu ulete swali hilo hapa Kwale. Zile hadithi za Kidigo za bibi yangu, ambazo shuleni hakuna aliyeziulizia, zilistahili darasa la chuo kikuu.

Idara ikawa ya Fasihi, na miaka ya sabini Ngũgĩ akaiongoza. Mwaka 1977, tamthilia ya Kikuyu aliyoandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ikachezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Serikali ikaizima. Mwisho wa Desemba akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi karibu mwaka mzima. Alipoachiliwa, kazi ya chuo hakurudishiwa. Kuanzia 1982 akaishi uhamishoni. Alifundisha Yale na New York, kisha Irvine, California, akiwa profesa wa Kiingereza na fasihi linganishi. Ndiyo, Kiingereza! Lakini riwaya zake aliendelea kuziandika kwa Kikuyu hadi uzeeni. Alifariki Mei 2025.

Sijidanganyi. Yeye alitoka Leeds na riwaya tatu, mimi nilitoka chuo na deni. Ila waraka ule haukuniomba cheti.

Nimeanza kumrekodi bibi kwa simu, usiku naandika. Juzi nilimsomea ukurasa wa kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nzuri. Lakini mimi nilikwambia kwa Kidigo. Hiki Kiswahili umekitoa wapi?"

Nikafuta. Nikaanza upya.