FIDIA YA ULEMAVU KAZINI: DAKTARI AKIWA SHAHIDI, MUULIZE

Wadau, hapa Kharumwa ajali za kazini siyo habari mpya. Duara likititia au karasha likila vidole, watu wanamlaumu bosi kijiweni halafu basi. Wachache wanajua kuwa pesa ya ulemavu inategemea sana karatasi ya daktari. Mimi siyo mwanasheria, nimeishia kidato cha nne, ila hili nimelifuatilia.

Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Kabla ya hapo ilitumika sheria ya enzi za mkoloni, kima cha juu cha ulemavu wa kudumu Sh 108,000. Laki moja na elfu nane, jamani, hata kama hutafanya kazi tena maisha yako yote!

Siku hizi ishu ni asilimia. Ukishatibiwa na hali ikatulia, daktari anatathmini ulemavu uliobaki. Kiwango kisipozidi asilimia 30 unalipwa mkupuo mmoja. Kikizidi, ni pensheni ya kila mwezi. Sasa fikiria tofauti ya 28 na 32 kwa mtu mwenye watoto wanne.

Ndiyo maana usikae kimya mbele ya daktari. Mweleze kazi yako halisi, siyo "kibarua" tu. Chukua mfano wa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe. Dalili zake zinafanana na za TB, na unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya kuacha mgodi. Daktari asipojua kuwa ulichoronga mawe miaka minane, ataandikaje kuwa umetokana na kazi? Omba nakala ya kila taarifa na picha za eksirei, uzitunze mwenyewe.

Usiporidhika na uamuzi, sheria inaruhusu kuomba mapitio, na mwisho shauri linaweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Huko daktari anakuja kama shahidi mtaalamu, na watu wanaogopa kile Kiingereza chake. Msiogope. Kwa sheria yetu ya ushahidi anachotoa ni maoni, na jaji hafungwi nayo, anapima sababu zake. Kwa hiyo wewe au wakili wako muulizeni: ulinipima mwenyewe au ulisoma faili? Lini? Eksirei uliiona? Hiyo asilimia umeipataje? Usimtukane wala kubishana naye udaktari, hapo utashindwa tu. Kama una daktari mwingine mwenye maoni tofauti, aandike sababu zake, siyo namba peke yake.

Kwa wana wa maduara kuna mtego mwingine. Mfuko ni wa wafanyakazi. Ukilipwa kwa mgao wa mawe, mwenye duara anaweza kusema nyie ni wabia tu, na hapo daktari hata hafikiwi. Tunza meseji za malipo, jina lako kwenye daftari la zamu, na namba za mliofanya nao kazi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Akizembea, nenda ofisi ya WCF mwenyewe, usiache miezi 12 ipite.

Mwenye swali atupie hapo chini kwenye maoni.