Mabati ya Viwandani katika majarida ya sayansi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Barabara ya Lunga Lunga jijini Nairobi huwa imejaa watu wa kibarua. Wanakwenda mbiombio kuelekea mageti ya viwanda, kila mmoja akitumaini kwamba leo msimamizi atamnyooshea kidole. Wanaokosa hurudi zao Viwandani, kwenye vyumba vya mabati vilivyobanwa kati ya kuta za viwanda na Mto Ngong. Huko, kwa miaka mingi, wamekuwa wakibishiwa hodi na mgeni ambaye si mgeni sana. Ana orodha mkononi, na anajua nyumba hii ina watu wangapi. Anauliza: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama?

Mtaani wageni hawa huitwa watu wa risachi. Walianza kubisha hodi mwaka 2002, na majibu waliyopewa milangoni yamezaa makala za kisayansi nyingi kiasi kwamba Viwandani, mtaa ambao Wanairobi wengi huupita tu wakiwa ndani ya matatu, ni jina linalofahamika kwa wataalamu wa afya ya umma London na Geneva.

Sayansi haikuanza kuja Industrial Area, eneo la viwanda lililo jirani na mtaa huo, kwa ajili ya watu. Mwaka 1942, vita vilipokuwa vimekatiza meli na bidhaa za ng'ambo zimeadimika, serikali za kikoloni ziliunda Bodi ya Utafiti wa Viwanda ya Afrika Mashariki ili kutafuta namna ya kutengeneza hapa hapa vitu vilivyokuwa vikiagizwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo ilihitaji mrithi, na mwaka 1979 ikaundwa KIRDI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa viwanda. Kilichopimwa maabarani kilikuwa malighafi na bidhaa. Aliyezibeba begani hakuwa mada.

Mtu wa kibarua alipata nafasi kubwa kwenye maandishi mwaka 1972. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly kutoka Sussex, Uingereza, ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ndiyo iliyolisambaza ulimwenguni neno "sekta isiyo rasmi". Neno lenyewe walilichukua kwa Keith Hart, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake Accra, Ghana. Ripoti ilisema jambo ambalo fundi yeyote wa soko la Gikomba angekueleza bure: kwamba watu hawa wanazalisha, na kwamba askari wa jiji wanawahangaisha. Tofauti ni kwamba sasa lilikuwa limechapishwa Geneva.

Hata hivyo hakuna aliyekuwa na hesabu ya namna watu wa mitaa ya mabanda wanavyokufa. Takwimu zilitolewa kwa jiji zima, na wastani wa jiji huchanganya Muthaiga ya matajiri na Mukuru ya mabanda kwenye sufuria moja. Mwaka 2000 kituo cha utafiti cha APHRC, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1995, kilifanya uchunguzi katika mitaa hiyo peke yake. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, 151 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa Nairobi nzima idadi ilikuwa 62. Mashambani ilikuwa 113.

Zisome tena. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba anayekuja mjini amesogea karibu na hospitali na shule, kwa hiyo mtoto wake ana nafasi bora ya kuishi. Namba tatu ziliipindua imani hiyo.

Kutokana na uchunguzi huo ulianzishwa mfumo wa kufuatilia wakazi wa Viwandani na wa Korogocho, mtaa mwingine wa mabanda, takriban watu 60,000. Ugumu ulikuwa kwenye vifo. Wengi walifia nyumbani bila daktari kuandika chanzo. Hapo hutumika mahojiano na jamaa wa marehemu: homa ilianza lini? Alikohoa? Kikohozi kilikuwa na damu? Alikonda? Fikiria mama kwenye kigoda, ndoo ya maji miguuni, akisimulia wiki za mwisho za mwanawe kwa Kiswahili, huku mdodosaji akitia alama kwenye visanduku. Baadaye madaktari huisoma fomu na kuamua chanzo cha kifo.

Fomu za miaka ya 2003 hadi 2005 ndizo zilizozaa makala iliyotoka mwaka 2008 katika jarida la Population Health Metrics. Waandishi walikuwa Catherine Kyobutungi, Abdhalah Ziraba, Alex Ezeh na Yazoume Yé. Miongoni mwa waliozidi miaka mitano, Ukimwi na kifua kikuu vilibeba karibu nusu ya mzigo wa vifo. Kwa watoto, nimonia na kuhara vilikuwa mstari wa mbele. Mimi husimama kwanza kwenye hayo majina. Miaka 36 baada ya Singer na Jolly, Viwandani iliandikwa na Waafrika waliokuwa na ofisi Nairobi. Kyobutungi, Mganda, ndiye aliyekuja kuiongoza APHRC.

Jarida lenyewe husomwa bila malipo mtandaoni, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida sana. Makala nyingi kuhusu Afrika zimefungiwa nyuma ya ada ambayo kibarua hawezi kuifikia hata kwa mshahara wa wiki. Lakini lugha ni ile ile. Simulizi iliyotolewa kwa Kiswahili mlangoni hutafsiriwa, hugeuzwa kuwa namba, hupelekwa kwa wahakiki wasiojulikana, hurudishwa na maswali, husahihishwa, kisha hutoka kwa Kiingereza. Mwaka 2017 Ezeh na wenzake walichapisha katika The Lancet makala ndefu wakidai kwamba mitaa ya mabanda ihesabiwe peke yake, kila nchi inapohesabu watu wake. Ilikuwa hoja ile ile ya 151 dhidi ya 62.

Na pale mlangoni, mdodosaji amerudi baada ya miezi minne. Chumba ni kile kile, pazia ni jingine. Aliyefungua anasema ameingia mwezi uliopita. Yule wa kwanza, kibarua chake kiliisha, akafunga virago, labda amekwenda Kayole, labda amerudi kwao. Mdodosaji anatafuta jina kwenye orodha yake, anaandika kwamba amehama, kisha anamwomba huyu mpya dakika chache: katika nyumba hii mnaishi wangapi?